Kutu Ndani ya Mpini

Mwanangu, ni mimi niliyekitia kile kisu kwenye maji ya moto. Sentensi hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiandika bila kukosea, lakini mimi mwenye shahada ya chuo kikuu ilinichukua miaka minane kuitamka. Katikati hapo niliulizwa mara tatu, na mara zote tatu nikakana. Mara ya tatu nikamtaja na Mungu.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe unafunga sanduku kwenda Doha, na kwa sababu uliniuliza mwezi uliopita kwa nini kijisu changu kile kidogo, cha kumenyea vitunguu saumu, siruhusu mtu akitie kwenye beseni la vyombo. Nilikujibu kwamba ni mazoea tu. Huo nao ulikuwa uongo, ingawa mdogo, wa aina tunayowapa watoto wakituuliza mambo mazito tukiwa na haraka. Keti sasa. Leo sina haraka.

Siku hizo reli ya chini ya ardhi bado haijachimbwa Doha, na mimi nilikuwa kijakazi katika nyumba moja Al Thumama. Neno kijakazi nalitumia leo. Wakati ule nyumbani Tanga walijua niko "idara ya utawala wa nyumba". Neno hilo nililibuni mwenyewe, na si uongo kabisa ukiondoa idara na utawala. Nyumba ilikuwa na majiko mawili. La ndani lilikuwa la kung'aa na la wageni kupita wakaliona. La nje lilikuwa kule nyuma, karibu na matangi ya maji, na humo ndimo chakula chenyewe kilimopikwa. Ndege zilishuka juu yetu kutwa nzima, mpaka tukawa tunakatiza mazungumzo katikati ya neno na kuyaendeleza zikishapita, bila hata kujijua.

Jiko la nje lilikuwa la Bishnu. Alikuwa mpishi, Mnepali wa milimani, mfupi, mpole, mdogo kwangu kwa miaka kama sita. Aliniita didi, yaani dada mkubwa. Kila asubuhi, kabla ya salamu nyingine yoyote, aliniuliza kitu kimoja: "Didi, umekula?" Mimi niliona ni ajabu. Mtu hajaamka sawasawa, hajaulizwa habari ya usiku, anaulizwa chakula! Siku moja nikamwuliza kama anadhani natoka nchi ya njaa. Akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza, kwa kile Kiarabu chetu cha jikoni ambacho hakuna Mwarabu angekidai kuwa chake, kwamba kwao ndivyo watu wanavyosalimiana. Ukimwuliza mtu kama amekula, umemwuliza yote. Usipomwuliza, umemwambia kwamba habari zake hazikuhusu.

Wa tatu wetu alikuwa dereva, Mwangi, Mkenya wa Nakuru, aliyekuja jikoni kila alipopata nafasi ya kukaa kivulini. Mimi aliniita Profesa. "Profesa," angesema akiniona na lundo la sufuria, "hizo unafanyia utafiti ama unaosha tu?"

Sasa kisu chenyewe.

Wanepali wanakiita khukuri. Nadhani umewahi kukiona kwenye picha, kimepinda mbele kama goti. Cha Bishnu kilifuliwa na baba yake, mhunzi, kutokana na springi ya lori lililokufa barabarani huko kwao. Mpini ulikuwa wa mti mweusi. Ala yake ya ngozi ilikuwa na vijisu viwili vidogo pembeni: kimoja butu, cha kunolea kile kikubwa, na kimoja chenye makali, cha kazi ndogondogo. Karibu na mpini, kwenye ubapa wa chuma, palikuwa na alama ya baba yake, mistari mitatu mifupi kama ngazi ya mdoli, na vijisu navyo vilikuwa nayo.

Kila mtu jikoni pale alikuwa na maoni yake juu ya kisu kile. Mwangi alikiogopa waziwazi. "Huyu msee anakata mbuzi kama anakata mkate," alisema. "Mimi siku nikikosana na yeye, nahama Qatar." Mama mwenye nyumba alisema ni kisu cha msituni na hataki kukiona jiko la ndani. Mimi nilikijaribu kwa boga. Ni kizito mbele, kwa hiyo ukikiinua kinakuvuta, na ukikishusha kinafanya kazi chenyewe. Boga likagawanyika mara moja, na kibao kikapata mkato ambao niliulizwa habari zake wiki nzima. Kwa mfupa, kwa nazi, kwa kichwa cha samaki mkubwa, sijaona kisu kama kile tangu hapo. Kwa vitunguu kinaudhi, kinaviponda. Nyanya usijaribu. Tena kina kinyongo. Ukikikatia ndimu ukakiacha muda wa kunywa chai, ukirudi kimeota doa jeusi.

Na hakioshwi. Hapo ndipo mimi na Bishnu tulipotofautiana. Akimaliza kazi alikipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akakikausha, akakipaka mafuta ya haradali kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto. Nikamwambia huo ni uchafu. Akanieleza kwamba ndani ya mpini kuna mkia wa chuma, na mkia huo haukupigwa msumari, umeshikwa kwa gundi ya utomvu ambayo baba yake huiyeyusha kwa moto. "Kilichoingia kwa joto kitatoka kwa joto," alisema. "Maji ya moto, didi, kisu kinasahau mpini wake."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Nataka ulijue hilo. Sikufanya kwa kutojua.

Ila wakati huo nilikuwa nimepelekwa na mama mwenye nyumba kwenye mafunzo ya usafi wa jikoni, nusu siku, na nimepewa cheti. Nilikuwa na shahada ya miaka mitatu na cheti cha nusu siku, na kati ya hivyo viwili, cheti ndicho kilichonipanda kichwani. Yale maelezo ya utomvu niliyaweka pamoja na mila za watu wasiosoma. Nikajiambia mtu huyu ni mwema, tatizo lake ni elimu tu, na elimu mimi ninayo.

Ijumaa moja Bishnu alikwenda madukani Al Sadd kununua zawadi za watoto wake. Nikachukua ndoo, nikamimina maji yaliyochemka, nikatia sabuni ya unga, nikakizamisha kisu chote, chuma na mpini. Nikakiacha humo saa mbili nzima, ndege zikipita juu. Nilipokitoa nilikikausha vizuri, nikakipaka mafuta ya haradali ili asijue, nikakirudisha ndani ya ala. Nilikuwa na mpango wa kumwambia baada ya wiki, kwamba, unaona, nilikiosha na hakikufa. Nilikuwa nimeshaitunga hotuba.

Jumapili walitarajiwa wageni. Asubuhi Bishnu aliniuliza kama nimekula, nikamjibu bado, akanikatia kipande cha mkate, kisha akaanza kumkatakata kondoo aliyechinjwa. Mimi nilikuwa kwenye sinki nimempa mgongo. Nilizoea mlio wa kisu kile kwenye gogo, mapigo mazito, yenye nafasi sawa. Nikasikia pigo moja, la pili, halafu mlio mwembamba wa chuma kikianguka sakafuni. Nilipogeuka, Bishnu alikuwa amesimama, mkono wa kulia umeinuka bado umeshika mpini mtupu. Anautazama. Hakuwa ametazama mkono wa kushoto, uliokuwa umemshika kondoo. Chuma kilichomoka kikiwa juu, kikashuka peke yake.

Sitakueleza zaidi. Mwangi aliendesha gari kama anavyoendesha mtu aliyesahau kwamba kuna kamera barabarani. Mimi nilikaa nyuma, nimeufunga mkono ule kwa mtandio wangu, na njia nzima Bishnu alikuwa akisema neno moja kwa lugha yao. Baadaye niliijua maana yake. Alikuwa anamwita baba yake.

Kidole gumba kilishonwa, lakini mshipa wa kukikunja ulikuwa umekatika vibaya. Daktari alisema huenda kisikunjike tena.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniuliza kwanza. "Kuna mtu alikigusa kile kisu?" Nikasema hapana, Mama. Nilijua nikisema ndiyo, naondoka kwa ndege ya kesho, na huko Tanga idara yangu itajulikana ilikuwa idara gani.

Wa pili alikuwa Mwangi. Alinikuta naanika nguo. "Profesa, Ijumaa niliona ndoo inatoa mvuke pale nje. Ilikuwa ya nini?"

"Nguo za watoto."

"Sawa. Naona siku hizi nguo za watoto zinanuka mafuta ya haradali." Akaenda zake, na hakusema kwa mtu. Nilimshukuru moyoni kwa ukimya ule. Leo siushukuru.

Wa tatu alikuwa Bishnu mwenyewe. Iliamuliwa arudi kwao, maana mpishi wa mkono mmoja nyumba ile haikumtaka. Siku ya kuondoka alikuja jikoni, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, akaniuliza bila ukali wowote, kama anayetafuta kitu alichokipoteza: "Didi, kiliingia majini?"

"Mafi," nikasema. Ndilo neno letu la jikoni la hapana, hakuna, sijui na haiwezekani. Akaendelea kunitazama. Nikaongeza, "Wallahi mafi."

Akashusha pumzi. Yeye hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa amekaa na sisi vya kutosha kujua kwamba neno lile halitumiwi kuchezea. Akatoa kile kijisu kidogo chenye makali, akanipa. "Cha vitunguu saumu, didi. Wewe ndiye uliyenifunga mkono." Nikakipokea, mwanangu. Nikakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofundishwa.

Miaka ikapita. Mkataba wangu uliisha, nikapata kazi ya kusimamia wasafishaji wa vyumba katika hoteli moja Al Sadd. Nikaanza na kuandika makala za gazeti la nyumbani, nyingi zikiwa za kuwashauri watu juu ya ukweli na uadilifu. Usicheke. Au cheka, nimestahili. Kijisu nilikwenda nacho kila mahali. Nakuambia kama mmiliki wa miaka mingi: ni kisu kizuri mno. Hakijawahi kulegea mpini, kwa sababu sijawahi kukitia majini.

Siku moja nilikuwa kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi namenya chungwa. Mlinzi mmoja Mnepali, Ramesh, aliyekuwa mgeni kazini, akasimama mbele yangu anautazama mkono wangu.

"Hiki umekipata wapi? Hii ngazi ni alama ya mjomba wangu."

Nikamwambia nilipewa na Bishnu. Akakaa, akafurahi kama amekuta jirani yake. Akanieleza kwamba naye anacho kikubwa, amekiacha nyumbani. "Mke wangu anakatia kuni. Kila siku analalamika, kizito, kinashika kutu, kinataka mafuta kama bibi harusi. Lakini kikipotea dakika tano, anaamsha kijiji."

Nikamwuliza habari za Bishnu. Furaha ikamtoka usoni. Akasema Bishnu yupo, analima kwa shida, gumba halikunjiki. Anaishi nyumba moja na baba yake, na baba yake hasemi naye.

"Kwa nini?"

Ramesh alieleza huku akichezea maganda ya chungwa. Bishnu alirudi na kisu katika vipande viwili. Mzee hakulaumu, alikipokea, akaupasua mpini apate kuona. Ndani, kwenye ule mkia wa chuma, kulikuwa na kutu mpya, na utomvu umeota weupe. Mhunzi hahitaji kuambiwa. Akamwuliza mwanawe: ulikitia kwenye maji ya moto? Bishnu akajibu hapana. Mzee akasema, basi mtu mwingine. Bishnu akajibu, hapana, tulikuwa wawili tu tuliofanya kazi jikoni, na yule dada aliniapia kwa Mungu wake.

"Kwa hiyo mzee akabaki na mtu mmoja," Ramesh alisema. "Akamwambia Bishnu, kupoteza kidole kwa uzembe ni bahati mbaya, lakini unasimama mbele ya kutu yangu mwenyewe unanidanganya? Tangu siku hiyo hajamwuliza kama amekula. Chakula cha mzee kinapelekwa na mkwe wake. Na sasa mzee anaumwa, wamemrudisha kutoka hospitali."

Mwanangu, nilikuwa nimejidanganya miaka yote kwamba nimemkata mtu kidole tu. Kumbe kidole kilikuwa kitu kidogo. Nilikuwa nimemfanya mtu mkweli awe mwongo mbele ya baba yake, na nilifanya hivyo kwa neno la mwisho lile, neno la kiapo. Ningekana tu, Bishnu angebaki na shaka yake, na shaka ile ingemwokoa. Mimi niliizima kwa Wallahi.

Nikamwambia Ramesh pale pale. Mimi. Maji ya moto. Saa mbili. Alinyanyuka akaliacha chungwa mezani, na siku mbili hakunijibu salamu. Siku ya tatu alikuja mwenyewe. "Ukimwambia Bishnu, na Bishnu akamweleza mzee, mzee atasema amemtafuta mwanamke wa kumtetea. Mimi nikimweleza, atasema tumepanga. Itabidi asikie kwa mdomo wako." Akaniandikia sentensi ya Kinepali kwa herufi zetu nyuma ya karatasi ya zamu. Nikaikariri wiki nzima kama mwanafunzi, nikikagua vitanda vya wageni.

Kabla sijakueleza hiyo simu, acha nikupe nilichokuitia, maana baada ya simu sitakuwa na la kuongeza.

Huko uendako utakutana na watu wanaofanya mambo kwa namna usiyoijua. Mtu akikuambia kitu chake hakiguswi hivi au hakioshwi vile, mwamini, hata kama una shahada, na hasa ukiwa na cheti. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla hujajua itakugharimu nini. Ukishajua, utaanza kupima, na mwoga akipima hujipendelea. Ukishindwa kusema, basi angalau usiape. Waachie watu shaka yao, usiwafungie kila mlango kwa jina la Mungu ili wewe upate kulala. Na usidhani kosa lako litakaa pale ulipoliacha. Langu lilipanda ndege, likavuka milima, likaketi kwenye sahani ya wali ya mzee ambaye hajawahi hata kuniona.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe mabosi wenye huruma na wenzako wa jikoni watakaokuuliza kama umekula. Akujaalie ulimi mwepesi wa kukiri na mzito wa kuapa. Mikono yako irudi nyumbani mizima, na asiwepo mtu mahali popote ambaye mikono yake si mizima kwa sababu yako. Amin.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Tulisimama nyuma ya hoteli, karibu na mitungi ya gesi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Ramesh akapiga kwa simu yake, akafungua spika.

"Didi?" Sauti ilikuwa ileile, imekwaruza kidogo. "Didi, umekula?"

Nikamwambia moja kwa moja, kwa Kiarabu chetu cha jikoni ambacho nilikuta bado ninacho chote: mimi ndiye, Ijumaa ile, ndoo, maji ya moto. Wallahi.



"Wallahi ipi?" aliuliza. "Ile ya zamani au hii?"

"Hii."

Nikasikia hatua, mlango, mbwa, mwanamke akiuliza kitu. Kisha pumzi ya mtu mgonjwa, karibu sana na simu. Nikaisema sentensi yangu. Niliikosea katikati, nikarudia mwanzo. Khukuri, mimi, maji ya moto.

Mzee akauliza neno moja. Ramesh akanitafsiria: "Muda gani?"

"Saa mbili."

Ramesh akamwambia. Nikangoja matusi, na kusema kweli niliyatamani. Mzee hakunisemesha tena. Alisema maneno mawili tu, kwa sauti ya chini, si kwangu. Halafu nikamsikia Bishnu, mtu mzima, akijaribu kulia bila kusikika na akishindwa.

"Bishnu," nikaita. "Amesema nini?"

Akairudisha simu sikioni.

"Ameniuliza kama nimekula."

"Na umekula?"

"Bado. Naenda kula naye." Akavuta pumzi. "Usinipigie tena, didi."